Uvunguni kwa Mama Mkwe

Nichekeni tu. Mimi ni fundi seremala wa Mafinga, na mwaka mzima nimechonga vitanda vya mtindo mmoja. Krismasi mke wangu akanipeleka kwao Mbeya. "Baba Neema, pumzisha kichwa. Mitindo mipya itakuja yenyewe."

Wenzangu wakaenda kanisani, mimi nikabaki kupumzika. Chumba cha wakwe kilikuwa wazi. Mkwe haingii humo, najua. Lakini kile kitanda cha zamani hakikuwa na msumari hata mmoja! Sasa kinashikwa na nini? Nikachungulia, nikainama, mwishowe nikaingia uvunguni na tochi ya simu.

Mara nikaona miguu. Mama mkwe alikuwa amerudia miwani yake.

"Baba Neema! Unafanya nini humo?"

"Napumzika, mama."