Kitambaa Nilichoivika Seva

Siku ile nyumbani kwangu Mwembesongo tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa pili aliyepunguzwa kazi kiwandani, na katibu wa ushirika wa wakulima wa viungo wa mlimani, ambaye mimi na mama yake tulichezwa unyago pamoja. Majina ninayo yote, ila siyaandiki.

Binti alikuwa ameweka kompyuta ya Linux sebuleni, anaiita seva. "Mama, ione kama nyumba ya milango mitatu. Huu wa tovuti, watu wachungulie iliki yetu. Huu wa kupitishia mafaili. Huu wa barua pepe." Mnunuzi wa ng'ambo alikuwa ameahidi kuandika asubuhi hiyo. Barua isingefika, kazi ya kuwatunzia seva ushirika ungempa mtu wa Dar.

Akatoka kumpokea katibu. Mimi nikaona vumbi linaingia. Redio naifunika, televisheni naifunika, hii ikae uchi? Nikaivika kitambaa changu kizito cha maua, mpaka matundu ya hewa ya nyuma yakaziba. Nikaenda kuchemsha chai.

Kurudi, kimya. Nikakivuta kitambaa: mashine ya moto kama pasi ya mkaa, imezimika! Kitambaa nikakibana kwapani, ndani ya khanga.

"Shikamoo mama," katibu huyo mlangoni.

"Marahaba, baba."

Akatazama kioo cheusi. "Dada, posta yako leo imefungwa?"

Binti akaigusa mashine, akaitazama televisheni na kitambaa chake, akanitazama mimi. Akaifungua mbavu, akaipepea kwa kipepeo changu cha jikoni mpaka ikapoa, akaiwasha. Maandishi meupe yakakimbia.

"Na barua ya asubuhi si ndiyo imepotea?" katibu akauliza.

"Mashine ya kwao ikikuta mlango umefungwa, hurudi baadaye kupiga hodi."

"Na isiporudi?"

Binti akavuta kiti mbele ya kioo. Chai ikapoa, hakuna aliyeigusa. Dua ninazozijua zilikwisha, nikaanza upya.

Adhana ya adhuhuri ikaita, ndipo binti akapiga kofi mezani. "Imeingia!" Mnunuzi anataka sampuli ya mdalasini. Katibu akacheka, akaomba chai ya moto. Kazi akaipata binti.

Katibu hajui mpaka leo, sasa atasoma. Pengine chai ilikuwa uji, pengine haikuwa adhuhuri. Mliokuwepo, nilipokosea nisahihisheni. Kitambaa kilikuwa changu, hapo sijakosea.