Nani Aliandika "Hakuna"

Askari wa mamlaka ya usafiri walishuka kwenye gari jeupe, wakanibeba kama gunia la mahindi, wakanikalisha kwenye lami hapa Busia, halafu wakaikata baiskeli yangu ya magurudumu matatu kwa grainda. Cheche zilirukia miguu yangu, iliyopoozwa na polio nikiwa mdogo. Mke wangu alisimama tu, ameshika kamba ya mizigo isiyofunga kitu.

Sisi walemavu ndio tulikuwa tunavusha mizigo ya wafanyabiashara mpakani. Mafuta ya kupikia, sabuni, unga. Mimi nazungusha pedali kwa mikono, mke anasukuma nyuma. Watoto wetu walisoma kwa pesa ya kazi hiyo.

Kisha karatasi ikabandikwa ukutani: mamlaka ya usafiri inatunga kanuni za magurudumu matatu, wananchi waje watoe maoni. Mkutano ukawekwa ghorofa ya pili. Lifti hakuna. Tulipanga baiskeli chini ya ngazi, spika ikinguruma huko juu, neno hatushiki.

"Boss, tushushieni huo mkutano!" mwenzetu akapaza sauti. "Ama mtatuvuta na kamba kama ndoo ya kisima?"

Afisa akachungulia dirishani, akacheka. "Tumeni wasukumaji wawatilie sahihi, mzee. Soda iko."

Chairman wa kikundi chetu akasema sawa. Na huku kwetu ndivyo mikutano ilivyo: unatia sahihi mlangoni, maneno baadaye. Mke wangu akapanda, akatia, akaniletea soda. Nikainywa yote, Mungu anisamehe.

Kanuni ikapita: magurudumu matatu yasibebe mizigo barabara kuu, na ndiyo iliyoikata baiskeli yangu. Ajenti mmoja wa forodha akanisomea ripoti ya mamlaka. Faida: barabara salama. Gharama kwa waendeshaji: hakuna. Waendeshaji wamekubali, sahihi hizi hapa.

Nikaenda wizara inayopaswa kuichunga mamlaka hiyo. "Mamlaka ile inajitegemea, mzee, hatuwezi kuiingilia." Nikarudi kwa mamlaka. "Hesabu hiyo wizara iliipitisha."

Sasa naendesha baiskeli ya kuazima, na mzigo juu, kwa sababu lazima tule. Gari jeupe likipunguza mwendo, mikono inalowa jasho hadi pedali inateleza. Wakiikata na hii, mwenye baiskeli nitamwambia nini?

Afisa wa dirishani, mkurugenzi wa mamlaka uliyegonga muhuri, mkubwa wa wizara uliyepitisha bila kusoma, na wewe chairman uliyetuuza kwa soda: kuna aliyeandika hilo neno "hakuna". Ashuke ngazi. Aje hapa kwenye lami anijibu, mke wangu akisikia: alipopiga hesabu yake, mimi aliniweka wapi?