Teleka Aliyehamia Barazani

Kuna ndege mdogo ambaye nusu ya watu wa Singida humwita mbayuwayu, na nusu nyingine hawamwiti chochote kwa sababu hawajawahi kuinua shingo kumtazama. Baba yangu, aliyekuwa na duka la vitambaa Singida Mjini, hakuukubali uvivu huo. Jioni tukikaa naye barazani pa duka, ndege hao wakipita kwa kasi juu ya mabati ya sokoni, alitusahihisha: "Hao si mbayuwayu. Mbayuwayu hutua kwenye waya. Umewahi kumwona mmoja wa hawa ametua? Hao ni teleka." Jina hilo alilirithi kwa mama yake, mtu wa Tanga, pamoja na Kiswahili chake chote, nami nikalibeba hadi Ulemo nilikoolewa. Sikujua kwamba lingeniletea balaa.

Mume wangu alikuwa amefiwa na mke wake wa kwanza. Ana mashine ya kukamua alizeti pale kijijini, na ni mtu mpole, mzito wa maneno. Ndoa tulifungia bomani, kwa sababu yeye ni wa kanisani na mimi ni wa msikitini, na hakuna aliyetaka kumsukuma mwenzake. Nyumba niliyoingia ilikuwa ya jasho la marehemu. Matofali alisimamia yeye kuchomwa, bati alitafuta yeye, hata rangi ya kijani ya madirisha aliichagua yeye. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alinieleza hayo yote siku ya kwanza, akinitembeza chumba kwa chumba. Mimi nikaitikia tu, ndiyo mama, ndiyo mama. Alipomaliza akaniambia, "Karibu, mgeni."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa, na nililitumia. Nililima mtama na kupalilia alizeti hadi viganja vikaota sugu, lakini jina halikubadilika. Mgeni, lete maji. Mgeni, fungia kuku. Hakunitukana hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana tusi unaweza kulijibu. Nilitaka kitu kimoja tu katika nyumba ile, kuacha kuwa mgeni, na mwaka wa pili ulipoingia nilimwambia mume wangu wazi kwamba sitavumilia hadi wa tatu. Nitarudi mjini kwetu nikauze vitambaa.

Barazani, pale ukuta unapokutana na paa, palikuwa na kiota cha mbayuwayu. Walikijenga kwa vitonge vya udongo, kimoja baada ya kingine, kikawa kama kibuyu kilicholazwa, chenye shingo ya kuingilia. Mama mkwe aliwapenda mbayuwayu hao kuliko alivyonipenda mimi. Walikuwa wameanza kujenga mwaka ule marehemu alipoezeka. Kila mvua zikikaribia walikarabati palipobomoka, naye akiwaona na udongo mdomoni alisema, "Ndege wa mke wa mwanangu hao." Mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, mke wa mwanawe.

Mwaka wangu huo wa pili, mvua za kwanza zilipokwisha kulainisha ardhi, wakaja wengine. Walikuwa weusi, wembamba, wenye mabawa marefu yaliyopinda kama mundu, mkia uliopasuka, koo jeupe, na kiunoni mstari mweupe kama ule unaobaki mkononi mwa mtu aliyevua saa. Hawa kwetu hawakai mwaka mzima. Kiangazi kikikolea hutoweka, na waendako sikujui. Baba alisema wanafuata mvua na wadudu wake, nami sijapata jibu bora. Chakula chao ni wadudu wanaoruka, na huwadaka humo humo angani. Hata maji hunywa wakipita, wanachota juu juu na kuendelea na safari.

Lakini yai halitagwi hewani, na hapo ndipo penye kesi. Teleka wa aina hii hafinyangi udongo. Hutafuta kiota cha mbayuwayu kilichokwisha kujengwa, akaingia, na wenyewe wakirudi hukuta mlangoni pana mtu.

Niliwaona asubuhi moja nikifagia. Wawili walipita juu ya kichwa changu kwa mlio mwembamba wa haraka, wakapotelea ndani ya shingo ya kile kibuyu bila hata kupunguza mwendo. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda anapeta uwele. Nikatupa ufagio, nikanyoosha mkono juu yake, nikapiga kelele: "Mama! Teleka! Teleka, mama!"

Sasa, mtu wa kwetu akisema teleka, mara nyingi hazungumzii ndege. Kuteleka ni kuweka chungu motoni. Mama mkwe mwenyewe husema kubandika, lakini alikuwa amenisikia mwaka mzima nikisema "ngoja niteleke maharage", na neno alilijua vizuri. Alichokisikia asubuhi ile ni mke wa mwanawe, amesimama wima, mkono umenyooka, anamwamrisha aende akapike. Tena mara mbili.

Aliweka ungo chini polepole.

"Mimi?" akauliza. "Mimi ndiye wa kutumwa jikoni, mgeni?"

"Hapana mama, ndege! Ndege hawa wanaitwa teleka!"

"Ndege anaitwa bandika chungu?"

Nilivyozidi kujieleza ndivyo nilivyozidi kuharibu. Akasema neno la Kinyiramba ambalo mume wangu mpaka leo hataki kunitafsiria, akaingia ndani. Mchana hakula chakula changu. Mume wangu aliporudi kutoka mashineni na kusikia habari hiyo, alicheka hadi akashika mlango, na kwa kicheko hicho nyumba ikawa na kesi mbili.

Jioni mbayuwayu walirudi. Walizunguka mbele ya kiota, wakajaribu kuingia, wakafukuzwa, wakajaribu tena. Mama mkwe alitazama yote akiwa amekunja mikono.

"Wezi wa nyumba," akasema. "Mwenzako amehangaika na udongo, wewe unaingia tu, pamekwisha jengwa."

Hakuniangalia aliposema hivyo, wala hakuhitaji. Uso wangu uliwaka. Mtasema ninajilinganisha na ndege. Ninajilinganisha, ndiyo, maana pale barazani sikuwa na mwingine wa kujilinganisha naye. Kisha akamwagiza mwanawe kwamba Jumamosi, akitoka mashineni, aje na mti mrefu akiangushe kiota.

Usiku huo nilimwambia mume wangu kwamba kiota kikianguka Jumamosi, na mimi nafunga mizigo Jumamosi hiyo hiyo. Akasema, "Kwa ajili ya ndege?" Nikamwambia alifikirie vizuri swali lake kabla ya kulala.

Ijumaa ikanyesha mvua ya upepo. Ilipokatika, mama mkwe alitoka kuangalia vifaranga wake, mara nikamsikia anaita. Teleka mmoja alikuwa chini uani, ameloa, anapigapiga mabawa kwenye tope bila kunyanyuka. Jogoo alikwisha kumsogelea. Mama mkwe alimfukuza jogoo kwa kanga, akainama.

"Huyu miguu imevunjika," akasema.

Nikamwokota, nikamwangalia. "Haijavunjika, mama. Ndivyo ilivyo. Ni mifupi, ya kushikia ukuta tu, haimsaidii kutembea. Akianguka chini hivi, tena ameloa, ni shida kwake kuondoka. Anataka mahali pa juu, apate kujiachia."

"Kwa hiyo angekufa hapa, na mabawa yote haya?"

"Asiponyanyuliwa, ndiyo."

Tukampeleka jikoni, tukamweka karibu na joto la mafiga, si karibu sana, hadi manyoya yakakauka. Mimi ni mfupi, hata kamba ya nguo naifikia kwa vidole vya miguu. Mama mkwe ananizidi kichwa kizima. Kwa hiyo nilimweka ndege kwenye kiganja chake. Vikucha vikaishika ngozi, na nikaona uso wa mama yule ukibadilika.

"Moyo wake unakimbia," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Akapanda juu ya kigoda, mkono ameuinua wazi kama nilivyomwelekeza, bila kurusha. Nami nikamshika kiuno asianguke. Zaidi ya kushikana mikono wakati wa shikamoo, sikuwa nimewahi kumgusa. Ndege alitetemeka, akajivuta hadi kwenye ncha za vidole, akajiachia. Alishuka kuelekea chini hadi nikafumba macho. Nilipoyafumbua, mama mkwe alikuwa anatazama juu, juu kabisa, na hakuonekana kuwa na haraka ya kushuka kwenye kigoda.

Jumamosi mume wangu alirudi na mti mrefu begani, uso umemshuka, maana alilijua agizo la mama yake na ahadi yangu.

"Wa nini huo?" mama yake akamuuliza.

"Wa kiota, mama."

"Kazibie zizi."

Jumapili tukachinja kuku. Tulimnyonyoa uani, na upepo ukawa unachukua manyoya. Ndipo teleka waliposhuka. Hawaokoti unyoya chini, mpaka upeperuke. Walikuja kwa kasi, mmoja akadaka, akaingia nao kiotani, kisha mwingine. Huko ndani huyabandika kwa mate yao, wakaendelea hadi mlangoni, kiasi kwamba ukiona kiota cha mbayuwayu kimetoa manyoya mdomoni, unajua kimebadilisha wakazi. Mama mkwe aliacha kunyonyoa. Akachota konzi ya manyoya, akayarusha hewani. Teleka akadaka moja. Akarusha tena, akacheka, mtu mzima yule, mikono imejaa damu ya kuku.

"Kumbe anatandika," akasema.

Tulishaingiza kuku chunguni ndipo aliposema tena, bila kuulizwa: "Mwizi hatandiki."

Mbayuwayu nao hawakufa kwa kihoro. Walianza upya chini ya paa la jikoni, na kabla mtama haujatoa masuke walikuwa na makinda yao. Teleka walichelewa kidogo. Makinda yao hukaa ndani muda mrefu, kwa sababu kwao hakuna kujaribu tawi kwa tawi, akitoka ametoka. Tuliwaona wakichungulia kati ya yale manyoya, midomo mifupi na macho meusi, na kila asubuhi mama mkwe aliuliza kama wamekwenda. Mimi aliniuliza bila kuniita kwa jina lolote. Sikujua kama hilo ni la kufurahia. Miezi yangu ilikuwa inaisha, na sikuwa nimeamua.

Karibu na mavuno akaja mama mmoja wa kanisani, rafiki wa marehemu, aliyekuwa amehamia Kintinku kwa mwanawe na hakuwa amefika kwetu tangu msiba. Mimi nilikuwa nasonga ugali. Jikoni kwetu ni kijumba cha pembeni, na kila kinachosemwa barazani kinasikika.

"Hodi! Wenyewe wapo?"

Mama mkwe akamkaribisha. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana mvua, mifugo, magoti. Yule mama akaisifu nyumba, akasema marehemu alijua kujenga, na mama mkwe akakubali kwamba alijua. Kisha mama yule akateremsha sauti, lakini haikushuka vya kutosha.

"Na yule mgeni wenu wa mjini, bado yupo?"

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Nilisikia hata mbayuwayu waliokuwa juu ya kichwa changu.

"Mgeni?" mama mkwe akasema. "Mgeni ni wewe uliyekuja leo. Mwenye nyumba yuko jikoni anapika." Kisha akapaza sauti, "Mwanangu! Tumepata mgeni!"

Nikaitikia abee. Nililia pale pale juu ya sufuria, wala sikusingizia moshi. Kisha nikanawa uso, nikatoka kumsalimia mgeni wetu.