Mchungaji Wiarda na Punda wa Balaamu

Mchungaji Sjoerd Wiarda alikuwa mtoto wa muuza siagi wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi. Alisomea dini katika chuo cha Leiden, akarudi kijijini na masanduku ya vitabu, ndevu, na ugonjwa wa kuuliza maswali. Kitabu chake cha kwanza kilisema jua halikusimama siku ile ya Yoshua. Waumini walimsamehe, maana hakuna aliyekisoma. Cha pili kilimhusu punda wa Balaamu, yule aliyemsemesha bwana wake. Hicho walisikia habari zake tu, ikatosha kuwakasirisha.

Shida ni kwamba aliandika huku akisoma kwa sauti. Jikoni alikuwako Baukje, mtumishi wake, na kasuku ambaye Baukje aliachiwa na kaka yake baharia. Majira yote ya baridi ndege yule alisikia sentensi ileile ikisomwa, ikifutwa, ikisomwa tena.

Wazee wa kanisa walipokuja kumhoji, Baukje aliwaandalia kahawa na mkate mweusi kwa jibini ya karafuu. Mzee Gosse, mfuga ng'ombe mwenye shingo nene, hakugusa kitu.

"Mchungaji, usituzungushe. Punda alisema au hakusema?"

"Mzee Gosse, tuanze na Kiebrania..."

"Punda hakusema!" ikapaa sauti kutoka jikoni. "Hakusema, mabwana!"

Gosse akageuka. "Baukje! Hata wewe?"

"Mie? Mdomo umejaa mkate!" Baukje akatokeza mlangoni, mashavu yamevimba. "Ni huyo ndege."

"Hakusema!" akasisitiza kasuku.

Gosse akakodoa macho. "Yaani mnyama anatuhubiria kwamba wanyama hawasemi?"

"Kasuku anaiga tu, mzee wangu, hana..."

"Tena mahubiri yake mafupi kuliko yako!"

Mchungaji akacheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye kahawa. Gosse naye tumbo likaanza kutikisika, akavuta sahani ya jibini.

"Sasa kwenye kumbukumbu tuandike nini?" akauliza karani wa baraza la wazee.

"Andika tumekunywa kahawa," akasema Gosse.

Wiarda hakufukuzwa. Kitabu cha tatu, cha samaki wa Yona, alikiandikia zizini kwa Gosse, mwenyeji wake akikamua na kumpinga ukurasa kwa ukurasa. Kitabu hicho, kijiji kizima kilikisoma, kila mtu akitaka kuona Gosse kajibiwa nini.