Madirisha Sita ya Nyuma

Ramani ya duka lile ililetwa mezani kwangu na mwenyewe, imekunjwa ndani ya bahasha ya khaki. Alikuwa mzee wa Jadida aliyeuza mchele na vyombo miaka mingi katika banda la mabati. Sasa alitaka kujenga pale pale, duka chini, ghala juu. Kazi yangu katika afisi ya ujenzi, hapa Wete, ni kuzipitia ramani kama hizo na kuzilinganisha na kanuni za mji: jengo likae umbali gani na barabara, gari zisimame wapi, maji ya mvua yatoke vipi, mwenye kiti cha magurudumu apandie wapi. Naipenda kazi hii. Naipenda kupita kiasi, na ndiko kulikoniponza.

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa ukuta wa nyuma. Ghorofani ulikuwa mtupu, hauna hata tundu, na kanuni inataka ghala lipitishe hewa pande mbili. Nikachukua kalamu nyekundu.

“Mzee, huku nyuma hukuweka madirisha.”

“Huko nyuma kuna watu, Bi.”

“Kwani mbele hakuna watu?”

Akatabasamu, akaiweka sawa kofia yake. “Nakwambia kuna watu, mwanangu.”

Ilikuwa Jumatatu, nimefunga, koo limekauka, na hata nikiwa nimeshiba mimi si mtu wa kubembelezwa. Nikamwambia dirisha halimli mtu, mchele wake utavunda, na kibali hapati mpaka ayaweke. Nikaandika pembeni: madirisha sita. Akaipokea ramani kwa mikono miwili, akasema inshallah, akaenda zake. Wiki ya pili akairudisha na madirisha yake sita yamechorwa vizuri, nikagonga muhuri. Siku ile nilirudi nyumbani najiona hodari kweli kweli.

Nilipokwenda kukagua, kuta zilikuwa zimeshasimama na nafasi za madirisha zi wazi, hazijatiwa mbao. Lilibaki jambo moja la kupima, nafasi baina ya ukuta wa nyuma na mpaka wa jirani. Kwa kuwa upande wa dukani kulirundikwa mchanga, ilinibidi nipitie uwani kwa huyo jirani. Nikapiga hodi.

Aliyenifungulia alikuwa bibi mjane, anaishi peke yake. Jua la saa saba linachoma, naye kavaa baibui lake zima, mtandio umebanwa mpaka kidevuni. Mikono ilikuwa na povu la sabuni.

“Shikamoo, bibi. Nimekukuta unatoka?”

“Marahaba. Siendi pahala, mwanangu. Nafua.”

“Unafua na baibui?”

Alinyanyua kidevu tu, kuelekea juu. Kwenye nafasi mojawapo ya dirisha fundi alikuwa amekaa anakula muhogo, miguu inaning'inia upande wetu. Hakuwa na ubaya wowote, maskini. Alikuwa anapumzika kwenye kivuli.

“Mafundi wataondoka, bibi,” nikasema, na sauti yangu mwenyewe niliisikia haina nguvu.

“Wataondoka, watakuja wachukuzi wa ghala.” Akarudi kwenye beseni lake. “Mwenye duka hana makosa. Alikuja mwenyewe hapa mlangoni kunitaka radhi, akasema Serikali ndiyo inayotaka madirisha. Basi nafua hivi hivi. Kuoga ndiyo nangoja kiza kiingie, maana choo changu hakina paa.”

Nilitazama pale uwani. Kamba ya nguo, mkeka, kibao cha mbuzi, mafiga matatu. Ulikuwa ua wa mama yangu kule Kiuyu, alikokuwa akimaliza kupika, anafungua nywele zake, anakaa kuzikausha mpaka adhuhuri. Mwanamume akipita upande ule alikohoa tangu mbali. Hakuna aliyeiandika kanuni hiyo popote, na mimi niliijua kabla sijaanza skuli. Nilisoma miaka mingi nikaisahau kwa kalamu moja. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

“Bibi,” nikasema, “si Serikali. Ni mimi niliyeyataka.”

Akaacha kufua. Akanitazama toka viatu mpaka mtandio.

“Wewe wa wapi?”

“Kiuyu.”

“Kumbe mtu wa hapa hapa,” akasema, akaendelea kufua.

Angenitukana ningestahamili zaidi. Nilitoka bila ya kupima, nikamwendea mwenye duka, nikamwambia azibe nafasi zote sita, atie tofali za matundu juu kabisa, chini ya dari, pasipofika macho ya mtu. Kanuni ilitaka hewa tu. Afisini nilipoulizwa kwa nini naifuta amri yangu mwenyewe, niliandika kwamba nilikosea. Mzee naye hakuniachia hivi hivi. “Ungeniuliza siku ile hao watu ni nani, Bi,” alinitania, “ningekwambia bure.”

Duka lilipomalizika nilikwenda kulikagua mara ya mwisho, kisha nikapiga hodi kwa bibi. Ukuta ulikuwa umepigwa plasta, huwezi hata kujua madirisha yalikuwa wapi. Alinikaribisha akiwa na kanga zake mbili, ametoka kuoga mchana, akaniomba nimpake mafuta ya nazi kichwani. Nilifurahi kama niliyesamehewa.

Nikakaa nyuma yake na kichupa mkononi. Akashika ncha ya kanga ya kichwani ili aifungue, mkono ukasita. Akainua uso, akautazama ule ukuta mtupu, pembe hadi pembe.

“Nimezoea tu,” akasema, ndipo akafungua.