Walisikia ya Kolombia, Hawakumwuliza Mgonjwa

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi tuliyokutana nyumbani kwa baba mkubwa, kule kijijini Gitting. Nilikuwa karani kijana wa mahakama ya mwanzo. Baba mkubwa alikuwa amelala chumbani, saratani imemla nyonga, akiugulia maumivu. Sisi wa ukoo tulikaa sebuleni kumwamulia, kama tulivyozoea: akishaugua mtu, ndugu ndio husema.

Daudi, mwanawe mkubwa, alikuwa amesikia redioni habari za Mahakama ya Katiba ya Kolombia. Akasema huku machozi yakimtoka, "Wenzetu wameruhusu mgonjwa asiyepona asaidiwe kufa. Na sisi tuache kumpa uji, apumzike."

Wazee wakaanza kuitikia kwa kichwa. Nikawaka! Nikawaeleza kwamba habari haikuwa hivyo. Mahakama ile ilisema daktari asiadhibiwe iwapo mgonjwa wa namna hiyo ameridhia mwenyewe, kwa hiari yake. Ndugu hawakupewa ruhusa yoyote. Na kwetu Tanzania, kumnyima mtu uji ili afe ni jinai.

Shangazi, dada wa mgonjwa, akanikatiza. "Karani, kaa chini. Na wewe unatusomea sheria tu. Nani kati yenu amemwuliza mwenyewe?"

Akausukuma mlango wa chumbani. "Kaka, hawa wanasema ufe. Wewe unasemaje?"

"Nimewasikia," baba mkubwa akajibu. "Mnanijadili kama ng'ombe wa mnadani. Daudi, hao wa Kolombia watangulie. Mimi nataka dawa ya maumivu, na mnigeuze. Ubavu huu unawaka moto."

Daudi akacheka huku analia. Tukamgeuza. Tukampeleka hospitali, akapewa dawa kali, akapata usingizi. Aliishi hadi ngano ikavunwa, akigombana na Daudi kuhusu mbegu, kisha akafa kifo chake, mikononi mwa mwanawe. Hadi leo nikiwaza tulivyoponea chupuchupu, nashusha pumzi.

Mimi hukasirika ninapoona vijana wakisambaza kwenye simu kwamba Kolombia "wanaua wagonjwa". Si kweli. Ukubaliane na sheria yao au usikubaliane, msingi wake ni kauli ya mgonjwa.

Kwa hiyo, mwanangu, soma habari hadi mwisho kabla hujaipeleka kwenye kikao. Na anayeugua, mwulize yeye kwanza, hata kama sauti yake imebaki ndogo. Mungu akupe afya, akupe subira kitandani pa wazazi wako, na nyumba yako isikose maziwa.