Udongo wa Jomvu Katika Nyumba ya Likoni

Siku yangu ya kwanza kazini, vita vikuu vya dunia vimekwisha juzijuzi tu, nilikabidhiwa mashine yenye mkanda wa begani nikajiona mtu mkubwa. Bwana Mpimaji, mkuu wetu, akaniambia nipunguze madaha, mawe hayaposwi.

Kazi yetu ilikuwa kupima mnururisho, yaani miale isiyoonekana ambayo ardhi yenyewe huitoa tangu kuumbwa. Mashine ikiinasa hulia tik, tik. Likoni, penye mchanga na mawe ya matumbawe yaliyozaliwa na bahari, ililia kwa uvivu. Tukivuka kwenda Changamwe na Jomvu, kwenye miteremko ya udongo mzito uliotokana na tope la kale, ilichangamka, maana udongo ule hushika madini kuliko mchanga.

Basi siku moja hapo Likoni, mjane mmoja, Bi Mwanasha, alituita tunywe maji. Uani mashine ilikuwa shwari; nilipoingia nayo ndani ikazidisha mlio. Bibi akaiangalia mashine, akarudi nyuma hadi mlangoni. Kesho yake nilipita nikakuta vitanda viko nje. Mkaza mwanawe alikuwa ameshaondoka na mtoto mchanga, na majirani walikuwa wakimhimiza Bibi aibomoe nyumba, ina shetani.

Nilimwomba Bwana Mpimaji turudi pamoja. Akapima sakafu, mlio ukawa hafifu. Akasogeza mashine ukutani, ikachangamka. Akauliza udongo wa ukuta umetoka wapi.

"Ni wa marehemu mume wangu," Bibi akasema. "Mjomvu yule. Alisema mchanga wa huku haumkandikii mkewe nyumba. Akawa anauleta kwa mashua kutoka kwao, na watu wakimcheka, wallahi, kwamba mwenzao anahama na nchi yake."

Bwana Mpimaji akamweleza kwamba huo ndio udongo wanaozaliwa na kuzeekea juu yake watu wa Jomvu, na mlio ule ni mdogo, haudhuru.

"Kwa hiyo anayelia humu si shetani? Ni udongo wake?"

"Naam, Bibi," nikamjibu.

Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kitambo. "Mwanamume yule," akasema, "hata kufa hakukumnyamazisha." Kisha akatoka nje akashika kitanda upande mmoja, nami nikashika wa pili.

Sasa nimestaafu, na vijana wa kazi hii huja kuniuliza habari za ardhi. Nawaambia wapime vizuri, kisha wakae wamsikilize mwenye nyumba mpaka amalize. Yule mkaza mwana alirudi kabla ya Ijumaa ya juma lile, akamlaza mtoto upande wa ukutani.